Askari Aliyewapa Abiria Mgongo

Mihayo alikutwa amelala kifudifudi katikati ya mashina ya pamba iliyokwisha kuchumwa, karibu kabisa na barabara ya Kishapu. Viatu vyake vya mgodini vilikuwa miguuni na kofia yake mkononi. Wachunga ng'ombe ndio waliomwona, baada ya ng'ombe wao kusita na kukataa kupita. Sanduku lake la bati lilikuwa limekwisha kufika Mhunze alikokuwa akienda, juu ya basi, likimsubiri mwenyewe.

Inspekta Donatus Mageni alichuchumaa kando ya maiti akafukuza nzi kwa kofia yake. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mtu mzima, aliyesomeshwa na mapadri na kuachwa na tabia moja ya kikasisi: alinyamaza mpaka mwenzake aone haya na kuanza kusema. Mwaka ule wa hamsini na sita maofisa Waafrika katika polisi ya Tanganyika walikuwa wachache, na yeye aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Akikosea, hawatasema Mageni kakosea. Watasema mnaona sasa.

"Hakuibiwa, Afande," alisema Koplo Masele. "Saa iko mfukoni."

"Naona."

"Na hakupigana. Alipigwa akiwa amegeuka."

Masele alikuwa amehamishiwa Shinyanga hivi karibuni kutoka kituo cha Geita. Kijana mrefu, safi, mwenye kaki iliyonyooshwa hata siku ya vumbi. Hakuwa na maneno mengi na hakunusa pombe. Inspekta alikuwa amekwisha kumzoea, tena alimpenda, na kazi za ofisini ambazo zamani zilimtoa jasho sasa alimwachia yeye.

Daktari wa serikali hakuchelewa kutoa jibu.

"Fuvu limepasuka kwa nyuma. Kitu butu, cha mviringo. Ukiniuliza, nitasema rungu."

"Rungu la namna gani?"

"La namna wanalovaa vijana wako, Inspekta."

Inspekta alitoka hospitali bila kuaga.

Dereva wa basi aliitwa Mabruki, Mmanyema wa Ujiji aliyezaa na kuzeekea Shinyanga. Alikutwa stendi chini ya gari lake, akatoka akijipangusa grisi.

"Nani alimshusha Mihayo?"

"Askari."

"Askari gani?"

"Bwana Inspekta, askari ni askari. Akiinua mkono, mimi nakanyaga breki."

"Uso wake?"

"Nimtazame usoni nina nini? Nilitazama mkono, kisha nikatazama kofia, kisha nikatafuta leseni."

"Aliomba leseni?"

"Ya gari na yangu. Akazisoma vizuri kabisa. Akatazama matairi. Halafu akaingia ndani kutazama watu. Mimi moyoni nikasema leo nimekwisha, maana nilikuwa nimejaza kupita leseni inavyosema."

"Halafu?"

"Akashuka. Akamwita yule bwana mwenye viatu vya mgodini. Akasema huyu abaki, ana maswali ya dhahabu, ninyi endeleeni na safari. Nikaondoa gari."

"Hukumuuliza anampeleka wapi?"

Mabruki aliangalia vidole vyake vyeusi. "Aliniachia, Bwana Inspekta. Mtu akikuachia na gari limejaa vile, huulizi."

Ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya barabara ilimpa askari yeyote aliyevaa sare haki ya kusimamisha gari la abiria mahali popote, kukagua leseni, kuhesabu vichwa, hata kugonga matairi kwa kiatu. Hakuna mahali iliposema askari amchukue abiria na kubaki naye porini. Lakini niambie wewe, nani kati ya waliokuwa ndani ya gari lile angesimama kumkumbusha? Kila mmoja alishukuru kwamba hakuitwa yeye, basi.

Siku hiyo askari mmoja tu ndiye aliyepangwa kukagua magari katika barabara ya Kishapu, naye ni Konstebo Ignas.

Lo, Ignas. Wafanyabiashara wote walimfahamu. Alikuwa na tumbo dogo la mtu asiyenunua chakula chake, na gari likisimama mbele yake lilikuwa haliondoki mpaka limemwachia chochote: kuku, ndizi, dagaa kwenye karatasi. Aliviita chai. Walipomleta mbele ya Inspekta alikuwa ametota jasho.

"Ulikuwa wapi basi lilipopita?"

"Mtoni, Afande. Baiskeli ilipasuka tairi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna, Afande."

"Basi lilipita, wewe hukuliona?"

"Nilikuwa nimelala kivulini, Afande. Mimi ni mla dagaa za watu. Hilo lipo, siwezi kulikataa. Lakini kuua sijaua."

Ikaandaliwa gwaride la utambulisho. Askari wote waliokuwepo walipangwa mstari pamoja na Ignas, isipokuwa Koplo Masele, aliyesema mtu mmoja sharti abaki kulinda mahabusu. Abiria wakapitishwa mmoja mmoja. Wawili walikwenda moja kwa moja wakamgusa Ignas begani. Mabruki naye alisitasita, akasema huenda ndiye.

Bwana Mkubwa wa polisi, Mwingereza mwenye masharubu mekundu, alifurahi.

"Kesi imekwisha, Mageni. Kesho mchana apelekwe Mwanza kwa treni."

"Bwana, watu hawa wamezoea kumwona Ignas barabarani. Ukiwaambia waonyeshe askari, watamwonyesha wanayemjua."

"Na rungu je? Na mtoni alikolala peke yake?"

Inspekta alijua maana ya Mwanza. Ignas akifika kule na mashahidi wawili wamemgusa bega, na nusu ya madereva wa wilaya wakiombea anyongwe, atanyongwa. Hakumpenda Ignas hata kidogo. Lakini usiku mzima sauti ya yule mtu ilimzuia kulala: kuua sijaua.

Masele alikuwa ametumwa Geita kutafuta habari za marehemu. Mwenyewe ndiye aliyeomba kwenda, kwa kuwa kule alikujua. Alikwisha kurudi na habari fupi: Mihayo alikuwa nyapara katika mgodi mmoja milimani, mtu wa kawaida, hana adui, alikuwa likizoni akienda kwao.

Asubuhi Inspekta aliita abiria wachache aliokuwa hajawahoji mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Bernadina, mwanamke wa Nkome kule ziwani, anayeleta dagaa kuuza hata huko Kishapu, mwenye ulimi usiopumzika.

"Wewe hukumgusa Ignas kwenye gwaride. Kwa nini?"

"Kwa sababu si yeye."

"Unampenda?"

"Mimi? Yule amekula dagaa zangu tangu mwaka juzi. Ningefurahi mno awe yeye, ningechinja na kuku. Lakini kikapu changu kilikuwa mlangoni pale, huyo askari akakiruka bila hata kukitazama. Ignas apite juu ya dagaa asiiname? Hata akiwa anakwenda kuua ataomba kwanza."

Inspekta alijikuta anataka kucheka, akajizuia.

"Eleza huyo askari alivyofanya. Tangu alipoingia."

"Aliingia akitazama nyuso, mkono ameshika vyuma vya viti. Anakwenda polepole, kwa madaha yao yale. Alipofika benchi la tatu akageuka ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Akashuka. Akaenda kusimama ukingoni mwa barabara, ametupa mgongo, kofia ameivuta chini. Akamwita yule bwana wa mgodini huku anatazama pori."

"Hakugeuka tena?"

"Hata mara moja. Alimrudishia dereva leseni hivi, kwa mkono wa nyuma. Nikasema majivuno gani haya, hata kututazama anaona tabu."

"Benchi la tatu alikaa nani?"

"Mtu na kuku wake. Na mama mmoja mtu mzima wa upande wa Kishapu. Yule mama sijui alipatwa na nini, alijifunika khanga kichwa kizima mpaka tulipofika."

Inspekta alituma mtu akamwite yule mama. Alifahamika kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Makoye. Alikuwa mjini tena, maana baada ya safari ile alirudi kumuuguza kaka yake mgonjwa, na katika maelezo yake ya mwanzo alisema maneno mawili tu: sikuona kitu.

Masele alikuwa mezani anaandika, kikombe cha chai mkononi. Nje sauti ya mwanamke ilisikika ikimsalimu mlinzi wa mlango kwa Kisukuma.

"Mwadila."

Masele aliweka kalamu chini. "Afande, acha nikatazame mahabusu kidogo." Akatokea mlango wa nyuma.

Mama Makoye aliingia akavua kandambili mlangoni, ingawa hakuambiwa avue.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, siku ile kwenye basi ulijifunika. Kwa nini?"

"Vumbi, baba."

"Gari lilikuwa limesimama. Vumbi lilitoka wapi?"

Mama Makoye alitazama sakafu. Inspekta alinyamaza kwa ile namna yake ya kikasisi. Watu wazima walikwisha kutapika siri zao mbele ya kimya kile, lakini huyu mama alikaa ndani yake kama aliyezaliwa humo.

"Mama, kuna mtu atapelekwa Mwanza leo. Kama hakuua, na wewe unajua, utasema nini?"

"Sikuona kitu, baba."

Aliondoka. Inspekta alisimama dirishani akimtazama anavyokatiza uwanja, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia nyuma ya mahabusu. Koplo Masele alikuwa amesimama pale peke yake, pua karibu iguse ukuta, mikono ubavuni. Hakuwa akitazama mahabusu wala kitu chochote. Alibaki hivyo mpaka yule mama alipolifikia lango. Juu ya meza chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke.

Inspekta aliketi.

Maana jambo lile alilijua. Alilijua mwilini mwake. Mwaka aliooa, siku ya Pasaka, alimwona mama mkwe wake anakuja juu ya daraja la miti kule Ushirombo. Njia ilikuwa moja. Donatus Mageni, mwalimu wa katekisimu wakati huo, aliingia mtoni hadi kiunoni na suruali mpya, akasimama kwenye nyasi akitazama upande wa pili mpaka mama amepita. Padri alimcheka wiki nzima. Lakini padri hana mkwe. Mwenye mkwe hafikirii. Mwili wenyewe ndio unaogeuka.

Akakumbuka mengine, moja baada ya jingine, na kila moja lilimuuma. Siku ya kwanza ya kuhoji abiria Masele alikuwa amekwenda kupima eneo la tukio. Siku ya gwaride alilinda mahabusu. Kabla ya hapo mwenyewe aliomba Geita. Na siku ya mauaji yenyewe Masele alikuwa na mapumziko. Alisema alishinda kitandani na homa. Inspekta mwenyewe ndiye aliyempelekea kwinini.

Alitoka mbio mbio akamkuta Mama Makoye nje ya lango.

"Mama, una mkwe?"

Mama alisimama. "Ninaye."

"Anaitwa nani?"

"Baba, na wewe umeoa. Jina la mkwe unalitaja?"

"Silitaji."

"Haya basi."

"Na binti yako, hajambo?"

"Limi yuko mwezi wake," alisema Mama Makoye, na macho yake yalikuwa chini kwenye mchanga. "Siku yoyote kuanzia sasa atajifungua."

Kwa masikio ya mtu mwingine ilikuwa habari njema ya nyumbani. Inspekta aliisikia ilivyokuwa: mama alikuwa anamwomba.

Alirudi ofisini akafunga mlango. Akimwita Masele na kumuuliza, Masele atakana. Mama naye hatasema. Bwana Mkubwa atauliza ushahidi uko wapi, na akiambiwa kwamba koplo aligeukia ukuta, atacheka hadi masharubu yatetemeke. Kwenda kijijini kwa Mama Makoye kuuliza ni nani aliyemwoa binti kungechukua siku nzima, na treni ya Ignas ilikuwa ya mchana. Ilibaki njia moja. Aliifikiria, akaiona ni mbaya, akaifuata hivyo hivyo.

Alimtuma tarishi amrudishe Mama Makoye aje aweke dole gumba kwenye maelezo yake. Kisha akatoka uwanjani akaamuru gwaride la ukaguzi wa sare: kila mtu, bila kubaki mmoja. Funguo za mahabusu akamwachia mlinzi wa ghala.

Wakajipanga jua likiwa kali. Masele, kwa cheo chake, alisimama wa kwanza upande wa lango. Ukuta ulikuwa nyuma yao. Inspekta alipita akikagua vifungo na mikanda.

"Macho mbele. Asitikisike mtu mpaka nitoe amri."

Mama Makoye aliingia langoni. Tarishi alimwonyesha mlango wa ofisi, na njia ya kwenda huko ilikuwa inapita mbele ya mstari. Alitembea akitazama chini, taratibu, kwa miguu ya mtu aliyechoka.

Inspekta hakumtazama yeye. Alimtazama Masele.

Shingo ya Masele ilianza kufanya kazi. Mshipa ulisimama, taya zikakazana. Jasho likamtoka chini ya kofia, likapita jichoni, naye asipepese. Mama alisogea. Konstebo wa pembeni yake akamtupia jicho. Mtu huyu alikuwa amesimamisha basi zima na kumshusha mtu mbele ya macho ya wote, na alikuwa amekaa ofisi moja na aliyekuwa anamtafuta, akinywa chai. Yote hayo aliyaweza.

Mama Makoye aliinua macho. Aliona ni nani aliye mbele yake. Hakulia. Alivuta khanga ikamfunika uso, akageuka arudi, akakutana na tarishi nyuma yake. Basi akachutama pale pale mchangani, mgongo kwa askari.

Na Koplo Masele akageuka. Aligeuka kwa kisigino kama alivyofundishwa, akasimama ameukabili ukuta.

"Koplo Masele," alisema Inspekta, na sauti yake haikuwa kubwa, "nani amekupa amri ya kugeuka?"

"Hakuna, Afande."

"Kwa nini umegeuka?"

"Afande, yule ni mkwe wangu."

"Siku ile kwenye basi pia ulimgeukia."

Masele aliegemeza paji la uso ukutani, kofia ikaanguka.

Ofisini alikaa kwenye kiti kile ambacho Ignas alikalia. Inspekta alimwambia maneno ya sheria: kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na huenda likatumika kama ushahidi.

"Nayajua, Afande. Nimewasomea wengi."

"Utasema?"

"Nitasema. Sikujua kama alikuwa mjini, Afande. Mama hawezi kuniletea mimi salamu kwamba yuko kwa kaka yake. Ningejua, nisingelisimamisha gari lile."

"Kwa nini Mihayo?"

Masele alitazama mikono yake. "Mdogo wangu aliitwa Nkwabi. Alikuwa chini ya Mihayo kule mgodini. Mwaka jana walilipua baruti, moshi haujatoka, Mihayo akawarudisha shimoni. Handaki likaporomoka. Wenzake walitoka, yeye hakutoka."

"Maiti?"

"Hawakuitoa. Walijenga ukuta wa mawe, wakafungua njia nyingine. Mimi nilikuwa askari pale pale Geita, Afande. Nilikwenda na sare yangu getini, wakaniambia mambo ya chini si ya polisi. Nikamfuata Mihayo kwake. Nikamwambia nionyeshe tu ni upande gani, nimpeleke baba yangu akasimame juu ya ardhi hiyo tumlilie, tumalize msiba. Akawa ananikimbia. Baba yangu mpaka leo hajanyoa nywele. Kila jioni anamwekea Nkwabi chakula, maana hakuna aliyeshuhudia amekufa."

"Ukahamishiwa huku."

"Nikahamishiwa huku. Siku ile nikamwona stendi na sanduku lake, anapakia kwenda kwao kupumzika. Nikavaa sare, nikachukua baiskeli nikamtangulia, basi likiwa bado linapakia. Nilijua nikimwita mimi kama Masele atakimbia. Nikimwita kama askari atashuka. Na alishuka, Afande. Hakunitambua mpaka basi limeondoka, maana nilikuwa nimempa mgongo kwa ajili ya mama."

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilikusudia aseme."

"Alisema?"

Nje treni ilisikika ikipiga filimbi mbali, ikiingia stesheni.

"Alisema. Alivua kofia, akasema, Masele, nitakwambia, nimechoka. Nkwabi hakufa siku ile. Walimsikia anagonga na jiwe nyuma ya kifusi. Siku ya pili bado anagonga. Mihayo alikwenda kuwaambia wakubwa, wakasema kuchimba pale kutaangusha handaki zima, jengeni. Akajenga yeye, kwa mikono yake, huku anasikia. Alisema ndiyo sababu alikuwa ananikimbia. Kisha akageuka kunionyesha kwa kidole upande wa Geita, eti ni ule mlima wa pili. Nikampiga. Sijui, Afande. Alikuwa ananionyesha kile nilichomwomba, na mimi nikampiga."

"Rungu liko wapi?"

"Kwenye kichuguu, nyuma ya pamba. Hili nililovaa niliazima ghalani."

Rungu lilipatikana mahali aliposema. Ignas alifunguliwa kabla treni haijaondoka. Alipiga magoti mbele ya Inspekta akitaka kumshika miguu.

"Ondoka," Inspekta alimwambia. "Na siku nikisikia tena habari ya dagaa, utanijua."

Bwana Mkubwa aliyasoma maelezo mara mbili. "Sielewi. Alijitia kitanzi kwa sababu ya mama mkwe?"

"Ndiyo, Bwana."

"Ajabu sana."

"Ndiyo, Bwana."

Mama Makoye alikuwa bado barazani. Hakuna aliyemwambia aende. Khanga ilikuwa imemshuka mabegani, na Inspekta alipokuja alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Ulijua nitapita mbele yake?"

"Nilijua, mama."

"Uliniita kuweka dole gumba."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza, mama. Ulisema hukuona kitu."

"Uliniuliza kipolisi. Hukuniambia unamjua. Ungeniambia, Mama Makoye, nimekwisha kujua ni nani, na kuna mtu mwingine atakufa kwa ajili yake. Pengine ningesema. Pengine nisingesema. Lakini ningekuwa nimechagua mimi. Sasa umenichukua ukanipitisha kama ng'ombe wa mnadani, nikamwua mkwe wangu kwa kupita tu."

Inspekta alitaka kusema kwamba Ignas alibakiwa na nusu saa tu kabla ya treni, akaliacha.

"Nitaamuru gari la kituo likupeleke nyumbani."

"Sitaki gari lako. Nitakwenda na watu." Alijifunga khanga vizuri. "Ila kwa Limi sitakuwa mimi wa kusema. Mkwe hamsemi mkwe. Utakwenda wewe, ukamwambie kwa mdomo wako huo."

Inspekta alikwenda kesho yake, peke yake, na gari la kituo. Angeweza kumtuma konstebo. Njiani watu waliliachia njia lile gari la polisi bila kulitazama sana, na kwenye kona moja dereva wa lori alisimama mwenyewe, bila kuambiwa, akatoa leseni yake dirishani. Inspekta alimwashiria apite.

Nyumba ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya pamba, imefagiliwa, na nepi mpya zimeanikwa kabla ya mwenyewe kuja. Mwanamke kijana alitoka akishika kiuno, tumbo limemtangulia. Aliona kaki, akaona kofia, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha. Aliharakisha kuingia ndani akatoka na kigoda, akakipangusa kwa upindo wa khanga.

"Karibu, shemeji, karibu ukae. Mwenzenu amekutuma?"

Inspekta Mageni alivua kofia. Kigoda kilikuwa kimewekwa kivulini, naye alikuwa bado hajakikalia.